Blakijeki kwa hesabu: namna ya kucheza kila mkono, na bei halisi ya kukaa mezani

Kwenye meza ya blakijeki yenye sheria nzuri, mchezaji anayefuata hesabu kwenye kila mkono (yaani kila awamu ya kugawiwa karata) hupoteza wastani wa senti 50 katika kila shilingi 100 anazoweka. Linganisha na mkeka. Mechi ambayo kila upande umepewa odi ya 1.90 inakukata shilingi 5 kwa kila 100, na ukiunganisha mechi tano za aina hiyo, makato yanafika karibu shilingi 23. Rouleti yenye sifuri moja inakula shilingi 2.70. Kwa hiyo wanaosema blakijeki ni miongoni mwa michezo nafuu zaidi kasino hawadanganyi, ila wanasahau kutaja masharti: nafuu hiyo ni ya anayejua kucheza, na ni ya meza iliyo sawa. Sharti la pili ndilo watu wengi hulipuuza, wakati nalo lina uzito wake.

Na bado ni kupoteza. Mwongozo huu haukufanyi uishi kwa karata. Unapunguza bei tu.

Mkakati wenyewe haukutungwa na wacheza kamari. Wanajeshi wanne wa Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, wakiwa Aberdeen huko Maryland, waliupigia hesabu kwa mashine za kujumlishia za ofisini, wakauchapisha mwaka 1956 katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Baadaye mwanahisabati Edward Thorp aliirudia hesabu ile kwa kompyuta ya IBM 704, ikaonekana wale wanne walikuwa wameukaribia sana ukweli.

Mchezo kwa ufupi

Unashindana na mgawaji, ambaye nitamwita dila kama wanavyomwita mezani. Anayekaribia 21 zaidi bila kuipita ndiye anayeshinda. Wachezaji wengine hawakuhusu. Karata za 2 hadi 10 zina thamani yake, J, Q na K zote ni 10, na ree (A) ni 1 au 11, vyovyote inavyokufaa. Unapewa karata mbili. Dila anaonyesha moja. Ukipita 21 umeungua na dau limekwenda. Ree na 10 kwenye karata mbili za kwanza ni blakijeki, na inalipwa zaidi ya dau lako. Dila hana uamuzi wowote: analazimika kuchukua karata mpaka afike 17, kisha anasimama. Mkilingana ni sare, na dau lako linarudi.

Wewe una njia tano. Unaweza kuomba karata, kusimama, kupiga dabo (unaongeza dau mara mbili na kupewa karata moja tu), kupasua pea (karata mbili zinazofanana zinakuwa mikono miwili, kila mmoja na dau lake), na kwenye baadhi ya meza kujitoa, yaani unaachia nusu ya dau na mkono unaisha.

Faida ya kasino inatoka wapi basi, ikiwa dila naye huungua kama mara 28 katika kila mikono 100? Inatoka kwenye zamu. Wewe unacheza kwanza. Ukiungua, dau linachukuliwa hapo hapo, hata kama dila naye ataungua baadaye. Wageni hulijibu tatizo hili kwa njia mbili, zote mbaya. Wa kwanza humwiga dila: anaomba hadi 16, anasimama 17, hapigi dabo wala hapasui. Huyo analipa karibu asilimia 5.5. Wa pili anaogopa kuungua, kwa hiyo anasimama kila akifika 12. Huyo analipa karibu asilimia 3.9. Ukweli upo katikati, na unabadilika kulingana na karata ambayo dila ameionyesha.

Hatua ya 1: soma kitambaa kabla hujatoa hela

Simama nyuma ya viti usome maandishi ya mezani. La kwanza kutafuta ni malipo ya blakijeki. Meza nzuri inalipa 3 kwa 2: ukiweka 10,000 unapata 15,000 juu yake. Meza mbaya inalipa 6 kwa 5, yaani 12,000. Shilingi 3,000 zinaonekana si kitu, lakini blakijeki huja takriban mara moja katika kila mikono 21, na tofauti hiyo peke yake inaongeza makato kwa karibu asilimia 1.4. Makato yako yanatoka asilimia 0.5 hadi 1.9 kabla hujagusa karata, na hakuna ustadi wa kuyarudisha. Las Vegas meza za 6 kwa 5 zilienea kuanzia miaka ya 2000, mara nyingi zikiwa na tangazo kubwa kwamba zinatumia pakiti moja tu ya karata. Pakiti moja kweli ina faida kidogo kwa mchezaji. Malipo ya 6 kwa 5 yanaimeza faida hiyo yote na kudai zaidi. Ukiiona meza ya namna hiyo, pita.

Mengine ni madogo zaidi, ila yanajumlishika. Dila akisimama kwenye kila 17 ni afadhali. Akilazimika kuomba kwenye 17 yenye ree inayohesabika 11, inakugharimu karibu asilimia 0.2. Kuruhusiwa kupiga dabo baada ya kupasua ni faida kwako. Kisha uliza kama dila anachukua karata ya pili mwanzoni. Mtindo wa Marekani ni kuichukua kifudifudi na kuichungulia. Akiwa na blakijeki mkono unaisha kabla hujaongeza dau. Mtindo wa Ulaya ni kutoichukua hadi wachezaji wote wamalize, na hapo dau la dabo au la pea uliyopasua linaweza kuliwa na blakijeki ya ghafla.

Yale madau ya pembeni, ya pea na ya kuunganisha karata zako na ya dila, yaache. Makato yake mara nyingi huzidi asilimia 3, na mengine yanapita 10.

Maelekezo yanayofuata ni ya meza ya pakiti nne hadi nane, dila anasimama kwenye kila 17, anachungulia karata yake, na dabo baada ya kupasua inaruhusiwa. Nitataja panapobadilika.

Hatua ya 2: itazame karata ya dila kabla ya zako

Karata ya dila inaigawa dunia mara mbili. Akionyesha 2 hadi 6, yuko mashakani: akiwa na 2 huungua kama asilimia 35, na 3 asilimia 37, na 4 asilimia 40, na 5 au 6 karibu asilimia 42. Kisha panakuja korongo. Akionyesha 7, uwezekano unaporomoka hadi asilimia 26, na unaendelea kushuka hadi karibu 21 kwa karata ya 10; kwa ree ni chini ya hapo. Sehemu kubwa ya mkakati ni kuliheshimu korongo hilo lililo kati ya 6 na 7.

Hatua ya 3: mikono migumu

Mkono mgumu ni ule usio na ree, au wenye ree ambayo imeshalazimika kuwa 1. Ukiwa na 17 au zaidi, simama daima. Ukiwa na 13 hadi 16, simama kama dila ana 2 hadi 6. Akiwa na 7 kwenda juu, omba. Ukiwa na 12, simama dhidi ya 4, 5 na 6 tu, kwingine omba. Ukiwa na 8 au pungufu, omba bila kufikiri.

Hiyo 12 dhidi ya 2 huwatatiza wengi. Ukiomba kwenye 12, karata zinazokuunguza ni zile za 10 peke yake, yaani asilimia 31. Mara saba katika kumi hivi utabaki salama. Dila mwenye 2 naye atakamilisha mkono wake takriban mara 65 katika 100, na 12 yako haimshindi dila yeyote aliyekamilisha. Kuomba kunapoteza kidogo kuliko kusimama. Zote ni hasara. Unachagua iliyo ndogo.

Mkono unaouma kuliko yote ni 16. Ukiomba, unaungua asilimia 62. Dhidi ya 7, ukisimama unapoteza wastani wa shilingi 48 kwa kila 100 na ukiomba unapoteza 41, kwa hiyo omba, hata kama mkono unatetemeka. Dhidi ya 10, njia zote mbili zinakaribia hasara ya 54, kuomba kukiwa nafuu kwa uzi mwembamba. Watu hubishana kwa saa nzima kuhusu mkono huu, na ni mmoja wa mikono ambayo uamuzi wake una bei ndogo kabisa. Wangebishania dabo wangeokoa zaidi.

Hatua ya 4: dabo, ambako hela inarudi

Piga dabo kwenye 11 dhidi ya 2 hadi 10; dhidi ya ree omba tu. Kwenye 10, piga dabo dhidi ya 2 hadi 9. Kwenye 9, dhidi ya 3 hadi 6. Kama dila hachukui karata ya pili mapema, 11 dhidi ya 10 nayo iombe tu.

Woga wa dabo ni ghali. Chukua 11 dhidi ya 6 ya dila: ukiomba tu unatarajia faida ya shilingi 33 hivi kwa kila 100, ukipiga dabo, karibu 67. Mikono ya namna hii ndiyo inayofidia mikono mingi ya 15 na 16 unayoizika. Mchezaji anayekariri kila kitu kisha akakwepa dabo kwa sababu "hela nyingi ziko mezani" amenunua nusu ya mkakati, tena ile nusu ya hasara.

Hatua ya 5: mikono laini

Mkono laini una ree ambayo bado inahesabika 11. Ree na 6 ni 17 laini. Uzuri wake ni kwamba karata moja zaidi haiwezi kukuunguza, kwa hiyo usiuchukulie kama 17 ya kawaida. Usisimame kamwe kwenye 17 laini: piga dabo dhidi ya 3 hadi 6, kwingine omba.

18 laini ndiyo inayowaumbua hata wazoefu. Dhidi ya 3 hadi 6, dabo. Dhidi ya 2, 7 na 8, simama. Dhidi ya 9, 10 na ree, omba. Ndiyo, omba: mbele ya 9 ya dila, kusimama kunapoteza shilingi 18 kwa kila 100 na kuomba 10 hivi. 19 na 20 laini zisimamie. Kwa laini ndogo, 13 na 14 zipigie dabo dhidi ya 5 na 6, 15 na 16 dhidi ya 4 hadi 6, na kwingine kote omba.

Hatua ya 6: pea

Ree mbili na nane mbili, pasua daima. Ree mbili zikikaa pamoja ni 12 hafifu, zikitengana kila moja inaanza na 11. Nane mbili ni 16, ule mkono mbaya. Zikitengana unaanza na 8 mara mbili. Dhidi ya 10 bado utapoteza kwa wastani, ila pungufu. (Kwenye mtindo wa Ulaya hapa ndipo pa kubadilika: nane mbili dhidi ya 10 au ree, na ree mbili dhidi ya ree, omba tu.)

Kumi mbili usipasue. Una 20, na mbele ya 6 ya dila 20 hiyo ina faida ya karibu shilingi 70 kwa kila 100. Tano mbili nazo zihesabu kama 10 uzipigie dabo.

- 2 mbili, 3 mbili na 7 mbili: pasua dhidi ya 2 hadi 7.
- 6 mbili: dhidi ya 2 hadi 6.
- 4 mbili: dhidi ya 5 na 6 tu.
- 9 mbili: dhidi ya 2 hadi 6, na 8 na 9, simama dhidi ya 7, 10 na ree.

Hiyo 9 mbili dhidi ya 7 ina sababu: dila mwenye 7 huishia zaidi kwenye 17, na 18 yako inaipita.

Kujitoa, na bima

Meza ikiruhusu kujitoa, jitoe ukiwa na 16 (isiyo nane mbili) dhidi ya 9, 10 na ree, na 15 dhidi ya 10. Kuachia 50 ni bora kuliko kupoteza wastani wa 54. Mikono mingine ipiganie.

Bima hutolewa dila akionyesha ree: unaweka nusu ya dau lako, na akiwa na blakijeki unalipwa 2 kwa 1. Ili bima isikule, karata iliyofichwa lazima iwe 10 theluthi moja ya wakati, yaani asilimia 33.3. Karata za 10 ni 16 kati ya 52, sawa na asilimia 31. Pengo hilo dogo linakata zaidi ya shilingi 7 kwa kila 100 za bima. Dila anaweza pia kukushawishi ukiwa na blakijeki yako, kwamba ulipwe sawa kwa sawa sasa hivi kabla hajachungulia. Ni bima ileile kwa jina jingine. Ukikataa, karibu mara 69 katika 100 utalipwa moja na nusu, wastani wa kama 104 kwa kila 100. Kataa.

Uwezekano wa kushinda, bila kupamba

Ukicheza sawasawa utashinda karibu asilimia 42 ya mikono, utatoka sare asilimia 8 na nusu, na utapoteza asilimia 49. Ni pengo la karibu asilimia 7. Linashuka hadi nusu ya asilimia kwa sababu ya malipo ya 3 kwa 2 na ya hela za dabo na pea.

Sasa ziweke shilingi. Dau 2,000, mikono 60 kwa saa: umezungusha 120,000, na bei yake kwa wastani ni shilingi 600. Lakini wastani hauonekani ndani ya saa moja. Mtikisiko wa kawaida kwa mikono 60 ni karibu madau tisa, yaani 18,000 juu au chini. Ndiyo maana chini kidogo ya nusu ya wachezaji huondoka na faida baada ya saa moja, na kila mmoja wao ana nadharia yake: kiti cha mwisho, dila mwenye mkosi, shati alilovaa. Yule wa kiti cha mwisho "aliyeharibu" karata ya dila ameiokoa meza mara nyingi kama alivyoiharibu. Watu hukumbuka upande mmoja.

Ongeza mikono iwe 10,000 na picha inabadilika. Kwenye meza ya 3 kwa 2, kama mchezaji mmoja kati ya watatu bado atakuwa na faida. Kwenye ile ya 6 kwa 5, kwa mkakati uleule, ni kama mmoja kati ya ishirini.

Kwa saa moja beba madau 20, yaani 40,000 kwa dau la 2,000, na kadi ya benki na simu ya M-Pesa ziwe mbali. Hela hiyo iwe ile ambayo ungeitumia kwenye starehe nyingine. Ikiisha, imeisha.

Kuongeza dau mara mbili kila unapopoteza hakubadilishi chochote isipokuwa sura ya hasara. Ukianza na 1,000, kupoteza mara saba mfululizo kunakula 127,000, na hilo hutokea takriban mara moja katika kila mifululizo 80, ukiacha sare. Mara 79 unapata 1,000 na ya 80 inabeba zote na nyongeza.

Kuhesabu karata ni kweli kunaweza kugeuza faida iwe upande wako, kwa kuwa karata za 10 na ree zilizobaki kwa wingi humfaa mchezaji. Thorp ndiye aliyelionyesha hilo. Ila linahitaji mtaji mkubwa na meza ambayo haichanganyi karata mapema. Mashine za kuchanganya bila kukoma zimelifuta, na kwenye blakijeki ya programu, ambako karata huchanganywa upya kila mkono, halina maana kabisa.

Mazoezi, na adabu za mezani

Chukua pakiti ya karata nyumbani. Toa moja uiweke mbele kama ya dila, kisha jigawie mbili mbili na utamke uamuzi kwa sauti bila kumaliza mkono. Anza na mikono migumu peke yake mpaka usisite, kisha dabo, kisha laini. Pea ziwe mwisho, kwani huja mara chache. Ukiishika mikono migumu na dabo vizuri, umeshaokoa sehemu kubwa ya kinachookolewa.

Mezani, weka noti juu ya kitambaa. Dila haruhusiwi kuipokea mkononi mwako. Karata zikiwa zimelazwa wazi usiziguse. Kuomba ni kugonga kitambaa kwa kidole, kusimama ni kupunga kiganja juu ya karata, na ishara ndiyo inayohesabika, kwa sababu kamera haisikii maneno. Chipu za dabo ziweke pembeni ya dau la kwanza, si juu yake, na uonyeshe kidole kimoja. Kwa pea, vidole viwili. Simu hairuhusiwi mezani, lakini kasino nyingi hazikatazi kikaratasi chenye mkakati mradi huwacheleweshi wengine. Kiandike mwenyewe kwa kalamu, kwa mpangilio ulioukariri, na ukiona dila anakusubiri kila mkono, rudi kwanza kwenye meza ya nyumbani.